Udongo wa Kutayamamu

Jumatano, baada ya Isha

Bado nina hasira. Daktari kanikataza kulowesha mikono iliyoungua kwa mawese ya moto, basi adhuhuri nikatoka uani kutafuta udongo wa kutayamamu badala ya udhu wa maji. Udongo uko wapi? Mwenye nyumba kamwaga saruji mpaka ukutani. Nimeswali kwa vumbi la dirishani, roho haikuridhika.

Alasiri nikaenda Ujiji kwa dada, nikarudi hapa Mwanga na udongo kwenye kopo la maziwa. Binti yangu akacheka: "Mama, umepanda bajaji kufuata mchanga?"

Magharibi nilipofungua kopo niliinusa kwanza harufu ya ule udongo, nikaona aibu mbele ya Mola. Mwaka mzima sijakanyaga ardhi peku, na wala sikuwa nimeikumbuka.