Ngoma ya Mama Kwenye Tamasha la Agosti

Nuu,
3 Septemba 1979

Kwa dada yangu mpendwa Muthoki,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Mutunga na watoto mko wazima hapo Matiliku, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimepungua. Sisi tunaamka salama. Mbuzi wawili wamezaa, na mbaazi zimetoka vizuri kuliko mwaka jana.

Nimefungua shajara yangu ili nikuandikie mambo kwa mpangilio, kwa sababu najua uvumi umeshakufikia.

Unajua kwamba kila Agosti, shule zinapofungwa, wilaya hufanya tamasha la sanaa na utamaduni mjini Kitui, na kila tarafa hupeleka kikundi. Mwaka huu mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa kikundi chetu. Tulikuwa na wachezaji wa kilumi, ule mchezo wa kale wa wamama, lakini mpiga ngoma wetu, mama yake Nzomo, alianguka kisimani akavunjika mkono. Mkubwa wangu ofisini akaniambia kilumi bila ngoma ni wamama wanaotembea tu, basi nitafute mtu.

Nilimwendea Mama. Alicheka sana, akaniuliza kama serikali yangu imeishiwa watu hadi inaokota waliookoka. Alinikumbusha kwamba alipobatizwa alikabidhi ngoma yake kwa mchungaji kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa kilumi ni cha kuita pepo. Nilimjibu kwamba huko Kitui hakuna pepo atakayeitwa, ni jukwaa la serikali, na sasa mambo hayo yanaitwa utamaduni. Aliuliza wazee wa kanisa watasemaje. Nilimwambia hao niachie mimi, kwani si mimi ndiye karani wao?

Dada, ungemwona siku hiyo! Aliibana ile ngoma ndefu ya mama yake Nzomo katikati ya magoti, na uwanja mzima ukasimama. Mwanamisi, yule muuza leso wa Mwingi, alipiga vigelegele akasema huyu mama alikuwa ameficha msichana ndani ya hiyo mikono. Tulipata nafasi ya pili. Njiani kurudi Mama aliimba ndani ya lori mpaka sauti ikamkauka, na wenzake wakamtania kwamba wokovu ulikuwa umemchelewesha.

Jumamosi iliyofuata wazee wa kanisa walimwita, nami nilikaa nao kama karani. Mzee Muthama alizungumza naye kwa upole. Alimwambia jambo ni dogo: asimame Jumapili mbele ya washirika, aseme kwamba anajuta, yaishe. Mama alijibu kwamba wakimkataza kupiga ngoma hatapiga tena, lakini hawezi kusema anajuta, kwa sababu siku ile alifurahi na Mungu alimwona akifurahi. Alisema hawezi kudanganya kanisani. Muthama akamwambia hicho ni kiburi. Naye akamjibu kwamba labda ni kiburi, lakini si uongo.

Hapo ndipo Muthama alipouliza ni nani wanaokubali atengwe na Meza ya Bwana, wainue mikono. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakunitaja. Hakuna mahali aliposema ni nani aliyemwomba aende Kitui, na mimi sikusema. Nilifikiria harusi yangu na Kasyoka mwezi wa Desemba, kwamba wazee hao hao ndio watakaoipitisha. Muthoki, niliinua mkono.

Jioni, akiwa ameshatengwa, Mama aliniuliza swali moja tu, kama mkono ule uliinuka wenyewe au niliuinua. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, kisha anakwenda kula kwa jirani.

Jana alikunja nguo zake akaniambia nikuandikie kwamba anataka kuja kuishi kwako, na umuulize shemeji kama kuna nafasi. Hayo ndiyo niliyotumwa. Mengine nimeyaongeza mwenyewe, ili usije ukadhani ni kanisa peke yake lililomfukuza. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Anasema atatoka hapa na wewe au hatoki. Kwa hiyo tafadhali njoo, na ukifika usinihurumie mbele yake.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Kasyoka anakusalimu, ingawa bado sijamweleza haya.

Mama pia anakusalimu. Amesema salamu zake zisichanganywe na zangu, ndiyo maana nimeziandika hapa chini peke yake.

Ni mimi ndugu yako,
Kisilu