Diski Kwenye Mbeleko

Alhamisi, 9 Februari

Nimeipata! Sokoni, kwa muuza vyuma chakavu, katikati ya majiko na milango ya magari. Kompyuta ya kuchorea majengo, aina ile ile niliyoitumia ofisini kabla mhandisi aliyeniajiri hajaifunga na kuhama. Ya kijivu, nzito kama gunia la viazi. Anaiuza kwa kilo, hana haya! Nikamuuliza inawaka? Akajibu kwamba hata yeye asubuhi hawaki. Nimeinunua.

Mpya siwezi, labda niuze paa. Na Bi Primitiva, yule wa matairi ya malori, hataki karatasi. Anataka kuliona jengo lake likizunguka kwenye skrini: duka chini, ukumbi wa harusi katikati, nyumba yake juu kabisa. Atakuja Jumanne ya matambiko, siku ya kumwagia kila mali bia ili Mama Ardhi aibariki, na akitoka hapa aende moja kwa moja kukimwagia kiwanja chake bia. Akilipenda, kazi ni yangu. Ya kwanza kwa jina langu mwenyewe! Asipolipenda, nirudi kushona mapazia.

Ijumaa, 10 Februari

Kimya. Hata feni haigeuki. Casimiro yuko njiani na lori kuelekea pwani. Nilipompigia alicheka mpaka simu ikakatika. Mume gani huyu!

Jioni mama mkwe akashuka kutoka chumba chake cha juu kuja kuliona "jeneza", ndivyo anavyoiita mashine yangu. Zamani yeye na marehemu mumewe walikuwa na kibanda cha kutengeneza televisheni, ila sikujua kama bado anaweza. Alivua kofia, akaiweka kitandani kwangu, akafungua mfuniko na kuinusa mashine. Ndiyo, kuinusa! Akasema kuna kitu kimeungua nyuma, kwenye sehemu ya kupokea umeme, na kwamba nisiguse.

Sikugusa.

Jumapili, 12 Februari

Tumerudi sokoni wawili, mimi na mama mkwe, kununua vipuri. Kapasita nne, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta — nyumbani mama mkwe alizing'oa, akachomelea nyingine, miwani imefungwa kwa uzi. Mkono hautetemeki! Kisha akasugua vijiti vya kumbukumbu kwa ufutio wa shuleni. Tukawasha. Feni ikazunguka, vumbi likatujaa usoni, tukakohoa na kucheka. Sikumbuki lini tulicheka pamoja, mimi na yule mama.

Lakini diski haizunguki. Inagonga tik, inanyamaza. Na programu ya kuchorea imo humo humo.

Jumatano, 15 Februari

Lazima niandike hili, kesho nitadhani nimeota.

Mama mkwe kasema diski imeganda kwa baridi. Mji huu wa El Alto, juu milimani hivi, nani hajaganda? Akaichomoa, akaifunga kwenye soksi ya sufu, akaitia kwenye mbeleko na kuibeba mgongoni. Asubuhi nzima! Kamenya viazi nayo, kafua nayo, kaenda kununua mkate nayo. Jirani akamuuliza mjukuu ni wa kike au wa kiume. Akajibu, "Ni wa umeme."

Adhuhuri tukairudisha mahali pake. Tik. Tik. Halafu mvumo laini… ikaimba! Nilimkumbatia. Akanisukuma, akasema supu inaungua.

Jumamosi, 18 Februari

Jana umeme ulikatika kidogo tu, diski ikaganda tena. Mgongoni tena, mpaka chakula cha mchana. Hakulalamika hata mara moja. Tangu hapo hatuizimi kabisa.

Nachora. Madirisha ya zambarau, nguzo za dhahabu, ngazi inayopinda kuingia ukumbini. Linapozunguka, mama mkwe anaacha kusuka nyuzi zake na kutazama, mdomo wazi. Ni zuri. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kuniambia nina majivuno: ni zuri sana.

Tumegombana lakini. Anataka Jumanne tuitambikie mashine kama kila kitu — bia, karatasi za rangi, maua. Nikamwambia mashine hii haitapata hata tone. Nilisema kwa ukali. Ametia kofia kichwani, kapanda juu. Chakula cha usiku hakushuka.

Jumanne, 21 Februari

Mtaa mzima unanuka bia. Fataki. Malori yamevishwa maua.

Bi Primitiva kaja mapema, na kofia mpya. Bendi yake inamsubiri kule kiwanjani. Nikamvutia kiti. Jengo likaanza kuzunguka. Yeye hata hakutazama! Aliangalia mashine yenyewe.

"We Zenobia, umeinywesha?"

"Bado, mama."

"Bado? Siku kama ya leo? Unataka nijenge juu ya kiu?"

Akageuza kiti, akakaa akilipa jengo lake mgongo. Hatazami kitu mpaka Mama Ardhi apate chake, na mashine pia. Kamtuma dereva wake kuleta kreti ya bia.

Mimi nimekimbilia jikoni, naandika nimesimama. Ikimwagiwa ikiwa inawaka, imekufa. Nikiizima, diski inaganda, na bendi haitasubiri mpaka mchana. Bi Primitiva ataondoka bila kuona hata dirisha moja!

Mama mkwe ameshuka. Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kapanga mezani pamba, spiriti na mashine yangu ya kukaushia nywele.

"Bia itakauka, mwanangu. Huyu mteja wako akinuna ndiyo hakaushiki. Kazime."

"Nikizima itaganda, mama! Unajua itaganda!"

Akanitazama kama vile nimeuliza maji yanatoka wapi.

"Kwani mgongo wangu umekwenda wapi? Nitapanda gari lake na diski mgongoni. Na wewe beba hilo jeneza, diski ikipata joto tutaliwashia kule kule kiwanjani kwake."

Honi. Dereva amerudi, nasikia chupa zikigongana. Mama mkwe ameshatandika mbeleko mezani. Nimerudi kwenye mashine na daftari langu; jengo bado linazunguka, na mkono wangu wa kushoto uko kwenye swichi. Nazima.