Mtu wa Mukau Anayetembea

Alhamisi, 4 Agosti 1983
Baridi asubuhi, ukungu, manyunyu kidogo.
Ametembea! Mtu wangu wa mti wa mukau — bila kamba, bila betri. Nilimweka juu ya ubao ulioinama, nikamgusa bega tu. Akayumba kulia, mguu wa kushoto ukabembea mbele. Akayumba kushoto, wa kulia nao. Hivyo mpaka chini. Kosa lilikuwa nyayo. Nilikuwa nimezichonga bapa. Sasa zimepinda kama mgongo wa kijiko.
Kesho chama cha wachongaji kinakutana hapa Zombe. Mume wangu, Baba Mutindi, ni mwanachama, amekubali nimpeleke mtu wangu mwenyewe. Wakimpenda, itabidi waniandikishe. Hawajaandikisha mwanamke hata mmoja. Kazi ya wanawake ni kusuka kiondo, wanasema.

Ijumaa, 5 Agosti
Mawingu.
Aibu. Nilimgusa bega mbele ya wote, akateleza ubao mzima kwa matako. Mulei, mmoja wa wachongaji, akapiga kelele kwamba huyo ametoka kilabuni. Wakacheka hadi machozi. Mzee Muthama, mwenyekiti, hakucheka — afadhali angecheka. "Mama, rudi kwa kiondo. Kiondo hakianguki."
Nilipomwokota nikasikia harufu ya polishi ya viatu. Mume wangu alimpaka alfajiri, mwili mzima hadi nyayo, akamsugua akang'aa. Kama wachongaji wanavyopaka twiga wao wa mbao.
Nimemuuliza njiani.
"Kitu bila polishi ni kuni, Mama Mutindi. Nilikuwa nakusaidia."
Twiga kazi yake ni kusimama! Wangu lazima nyayo zishike ubao. Sikumwambia.

Jumamosi, 6 Agosti
Jua mapema, upepo wa vumbi.
Nimesugua nyayo kwa mchanga wa mto mpaka polishi ikaisha. Akatembea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba Mutindi alikuwa mlangoni, anatazama. Akamchukua, akasema anampeleka kwa Mzee Muthama. Nikafurahi — mjinga mimi! Nilidhani anakwenda kunitetea. Nikamchinjia kuku.
Amerudi jioni anaimba. Mtu ametembea, wazee wamepiga makofi, watampeleka kwenye maonyesho ya Kitui. Nikauliza, wameniandikisha? Akavua viatu kwanza, kimoja, halafu kingine.
"Si mimi na wewe ni kitu kimoja?"
Amewaambia amemchonga yeye mwenyewe. Yule wa jana alikuwa wa mke, huyu ni wake.
Kuku akamla. Mapaja yote mawili. Ndipo akasema lililobaki: kesho baada ya kanisa wanachama wote wanakuja hapa. Wanataka awachongee mwingine, waone anavyofanya.
"Nionyeshe haraka tu, mama. Hizo nyayo."
Nikasema nimechoka.
Sasa yuko nje na taa, ameanza mwenyewe. Namsikia. Ubao, halafu kishindo. Anachonga kidogo. Ubao. Kishindo. Ameita mara mbili, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu tuoane, kuuliza kama nimelala.
Nafunga daftari. Saa nne kasoro robo — nalala.