Zamu ya Kuhama

Karatu, Juni 3, 2024

Mama Sofia mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Ningekuuliza hujambo, lakini daktari amekukataza kusema, na wewe ukiulizwa jambo huwezi kunyamaza. Basi chukulia nimeuliza, umejibu kwa kichwa. Mimi ni mzima, ukiacha goti, na ukiacha ugali ninaojipikia. Niliwatupia kuku uliobaki, wakauonja, wakaondoka.

Nimeona afadhali niandike. Simu zetu za wiki iliyopita zilikuwa mimi kusema haloo na wewe kupumua. Simel sasa anaendesha kile kibasi cha Karatu mpaka Moshi, amekubali kubeba barua zetu bila malipo na bila kuzisoma. Hilo la pili sina hakika nalo.

Sofia ameshuka kutoka Nainokanoka, shule zimefungwa. Anasema huko kwao baridi ni kali mpaka watoto wanashika chaki kwa soksi. Mwalimu huyu tumemzaa wenyewe, kwa hiyo nimeamini nusu.

Sasa jambo la maana. Jana nilishusha kreta wageni Waitaliano, mume na mke, wastaafu. Tukala ndani ya gari pale kituo cha chakula cha Ngoitokitok, maana mwewe wa pale wanachukua hadi kilichokwisha kuingia mdomoni, nami nikapata nafasi ya kuuliza habari za Positano. Yule mama akashika kifua kama nimemtajia marehemu mama yake. Anasema nyumba zinapanda mlima kutoka baharini, za waridi na za njano, na malimau yao ni makubwa kama kichwa cha mtoto. Nikaona ushahidi umetosha.

Ile karatasi yako ya jarida bado iko ukutani pembeni ya kalenda ya parokia, nusu Positano ya Italia, nusu Santorini ya Ugiriki. Siku ile ulipoiokota kwenye chumba cha mgeni kule lojini ungeikata katikati ukaniletea nusu moja tu, tungeishi kwa amani. Mimi msimamo wangu haujabadilika: Positano. Mtu anayeshuka kreta kila siku kwa kazi hawezi kwenda likizo kwenye kreta nyingine, hata ikiwa imejaa bahari.

Meza dawa. Msalimie Selina, mwambie shemeji yake amepungua.

Mumeo,
Baba Sofia


Moshi, Juni 8

Baba Sofia,

Salamu zako zimefika zikinuka dizeli. Nimejibu kwa kichwa kama ulivyoagiza, nesi akadhani nina kizunguzungu. Uji unapita, maji yanapita. Ugali haupiti, ila huo wako hata mwenye koo zima asingeumeza. Selina anakuja asubuhi na jioni na chupa ya uji wa ulezi. Nimemwonyesha uliposema umepungua, akacheka mpaka akaketi.

Positano umeisifu, ila hukumwuliza huyo mama habari za ngazi. Mimi ile picha niliitazama vizuri wakati natandika vitanda vya watu. Nyumba zikipanda mlima na mtu naye anapanda. Wewe na goti hilo utabebwa na nani? Santorini unakaa juu tayari, kazi yako ni kutazama. Ni kreta kama yetu, ila yao Mungu aliijaza bahari badala ya nyumbu. Na usiniambie umechoka na kreta. Wewe angalau unashuka. Mimi nimefua mashuka ukingoni ujana wangu wote, ya watu waliokuja kukaa barazani watazame chini, na sikukaa kwenye baraza lile hata mara moja. Nataka kreta moja ambayo mimi ndiye mgeni wake.

Mama wa kitanda cha pili, Penina, ameniona nacheka bila sauti, akataka kujua. Nikamwandikia mchezo wetu: kwamba tunachagua pa kwenda likizo tangu Sofia hajaota meno, kwamba hatuna hata pasipoti, na kwamba sheria ni moja. Mmoja akikubali anapotaka mwenzake, mwenzake lazima ahame aende upande wa pili, ili tusifike mwisho. Akauliza, "Sasa mnakwenda lini?" Nikamwandikia, hatuendi, hapo ndipo palipo na utamu wake. Amenitazama kama mtu anayetaka kumwita nesi.

Madaktari wanakutana Alhamisi kwa ajili yangu. Wanafunzi wao wamepita leo, wanatamka jina la ugonjwa wangu kwa Kiingereza kwa furaha, kama swali la mtihani waliloliotea.

Funika kuku mapema, kicheche anajua sipo.

Mkeo,
Mama Sofia


Karatu, Juni 17

Mama Sofia,

Habari za huko kwenye joto. Hapa ukungu umeshuka mpaka sokoni, watu tunasalimiana kwa kukisia. Kuku wote wapo, isipokuwa yule mwekundu, ambaye ninashuku alijipeleka mwenyewe kwa kicheche baada ya kuonja tena mapishi yangu.

Nimelifikiria suala la ngazi. Juzi nimepata wageni Wajerumani waliofika Santorini, wakathibitisha kila ulichosema kuhusu bahari kuijaza kreta. Wakaongeza kwamba kutoka bandarini kwenda juu kuna punda wanaobeba watu. Mimi mtoto wa kijiji cha Buger, niliyekua nikipakiza magunia ya mahindi juu ya punda, nikapande punda Ugiriki na kulipa. Hata hivyo goti limepiga kura. Nakubali. Nahamia Santorini. Kwa hiyo, mama, fungasha. Wewe sasa ni wa Positano, na ngazi zako.

Madaktari walisemaje Alhamisi? Simel amerudi mara mbili mikono mitupu. Nilimwuliza kama labda barua imeanguka chini ya kiti, tukatoa viti vyote.

Mumeo,
Baba Sofia


Moshi, Juni 22

Baba Sofia,

Pole kwa viti vya Simel. Barua haikuanguka, sikuwa nimeiandika.

Daktari alikuja akaketi kitandani pangu, ndipo nikajua. Wakiwa na habari njema husimama. Ni mpole, kijana wa Singida, alisema polepole na kwa Kiswahili. Uvimbe wa umio umekaa pabaya, hawawezi kuukata. Njia ni mbili. Naweza kwenda Dar kwa mionzi, wiki nyingi, koo lifunguke kwa muda. Au wanitoboe tumbo waweke mpira wa kulishia, nirudi nyumbani. Hakusema ipi inaponya. Muda ni kiasi gani sikuuliza, na wewe usiulize.

Anataka jibu kabla ya wiki ya kwanza ya Julai. Niambie unavyoona.

Nimekwisha kuhamia Positano, kama sheria inavyotaka.

Mkeo,
Mama Sofia


Karatu, Juni 25

Hyasinta,

Nimepata barua yako. Jibu ni Dar. Nimezungumza na mdogo wangu Filbert, ana chumba, na mke wake yuko tayari kukuhudumia. Mwajiri amenipa ruhusa ya mwezi mzima. Nimekaa na kaka zako Buger, wote wamekubaliana kwamba ni lazima utibiwe mpaka mwisho. Huu ni uamuzi wa familia. Selina akuandalie nguo nyepesi. Nitakuja kukuchukua, tutapanda basi la asubuhi.

Na Dar kuna bahari, utaiona.

Ndimi,
Bonaventura


Moshi, Julai 2

Baba Sofia wangu,

Hujambo wewe? Leo nauliza kwa dhati, kwa sababu nimepata barua kutoka kwa mtu anayeitwa Bonaventura, na simfahamu. Anaandika kama tangazo la ofisi ya kata. Nimeisoma mara ya pili nikitafuta utani, nikageuza hadi bahasha. Sikuuona. Ndipo nikajua jinsi unavyoogopa.

Mimi pia naogopa. Nakuandikia ili tuogope pamoja, tusiogope kila mtu kwenye wilaya yake.

Dar si pabaya. Penina alikwenda huko, na anashukuru. Lakini hizo wiki nazitaka, Baba Sofia, na sitaki kuzitumia kwa Filbert. Umeandika Dar kuna bahari kana kwamba mimi ni mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Ningetaka bahari ningeiomba. Nataka kitanda changu, na wewe jioni ukivua viatu na kunidanganya habari za wageni. Nataka kumsikia Sofia akimfokea kicheche kama anafokea darasa la tatu. Kaka zangu wape shukrani zangu, waambie koo ni langu.

Sasa sikiliza. Wewe ulihamia Santorini, mimi nikaenda Positano. Leo nakubali Santorini. Nakuja huko uliko. Najua sheria, nikifika wewe unatakiwa ukimbie. Naomba safari hii usikimbie. Kaa hapo hapo nikukute.

Kama umenikubalia kurudi nyumbani, usiandike maneno mengi, hayo ya Bonaventura yametosha. Andika tu kwamba bado uko Santorini.

Mkeo,
Mama Sofia


Karatu, Julai 4

Mama Sofia,

Bado niko Santorini. Sijahama.

Barua yako niliisomea ndani ya gari pale getini Lodoare wakati nasubiri vibali. Wageni walidhani nasoma masharti ya hifadhi, wakaniuliza kama kuna tatizo. Nikawaambia hapana, ni sheria mpya, tumezoea.

Nakuja Jumamosi na Landkruza ya tajiri. Tumetoa viti vya nyuma, tumeweka godoro, Sofia ameweka mito yote ya nyumba hii, hata ule wa kiti cha wageni ambao mimi siruhusiwi kuuegemea. Nitaendesha kama nimebeba maaskofu watatu na mayai yao. Mwambie daktari aweke huo mpira, na anifundishe namna ya kuutumia, polepole, mimi ni mzito.

Yule Bonaventura nimemfukuza.

Mumeo,
Baba Sofia


Nyumbani, Julai 29

Baba Sofia,

Utashangaa kupata barua kutoka chumbani kwako mwenyewe. Umeondoka mchana huu kupeleka wageni lojini ukingoni, na ni mimi niliyekufukuza uende, usije ukajilaumu. Simel anapandisha wafanyakazi wa lojini kesho asubuhi, nimempa hii. Sauti ndiyo hiyo imekwisha kabisa, na yale makaratasi madogo ninayokuandikia kutwa hayana nafasi ya ugomvi. Maana nina ugomvi.

Tangu nirudi unanitazama kama mimi ni picha ya ukutani. Unakubali kila kitu. Juzi nilikuandikia kwamba chai ya jirani ina chumvi, nikikujaribu tu, wala chai siinywi, ukasema ndiyo mpenzi. Nilikuandikia kwamba Simel ni dereva mzuri kuliko wewe, ukasema ndiyo mpenzi. Hapo nilitaka kulia. Nyumba hii haijawahi kuwa na amani namna hii, nami sikuolewa na amani, niliolewa na wewe.

Kwa hiyo nakutangazia. Nimekaa Santorini na wewe, pazuri, nashukuru hukukimbia. Sasa inatosha. Nimehamia Positano. Ngazi hazinitishi tena, sina uzito wa kuniangusha. Nataka uje ubishane, ulete Wajerumani wako na punda wao, ulete ushahidi.

Kesho kabla wageni hawajaamka, kama barua imekuwahi, toka ukae kwenye lile baraza. Kaa, usisimame. Utazame kwa niaba yangu. Na kama ukungu umejaa kreta, usije kuniambia umefanana na bahari. Wageni wote husema hivyo, mashuka yao nimeyafua nikiwasikiliza.

Sofia anakusalimu, ruhusa aliyopewa shuleni haijaisha. Leo nimemeza, yaani nimemezeshwa, kikombe kizima.

Mkeo,
Mama Sofia


Karatu, Agosti 3

Mama Sofia,

Leo salamu sijui niziandikeje, nimeziruka.

Simu ya Sofia iliitangulia barua yako. Anasema ulikuwa umelala, alikuja kukugeuza. Nilikuwa nimeshaanza kushuka nilipokutana na Simel anapanda. Akasimamisha gari katikati ya barabara, akashuka, akanipa bahasha bila neno, na unamjua Simel kwa maneno. Nikaegesha pembeni, nikaisoma. Magari ya watalii yalikuwa yanapita, madereva wanapunga mkono, nami nawapungia.

Jana tumekulaza Buger, pembeni ya mama yako. Selina alifika. Kaka zako walichimba wenyewe. Padri alikusifu kwa upole na utulivu, nikaona Sofia anaangalia chini kwa nguvu, nami nikaangalia chini, maana tungetazamana tungecheka.

Asubuhi ile nilitoka nje kabla sijajua lolote, kabla barua haijanifikia. Sijui kwa nini. Nilikaa kwenye lile baraza, sikusimama, nikatazama mpaka mhudumu akaja kuniuliza mimi ni wa chumba gani. Kulikuwa na ukungu. Sisemi umefanana na nini.

Karatasi ya jarida bado iko ukutani. Watu wa msiba wameketi chini yake siku zote hizi, mzee Tluway akaniuliza hizo ni parokia za wapi. Nikamwambia za Ulaya.

Simel yuko nje, anauliza kama leo kuna barua. Nimemwambia hii naipeleka mwenyewe.

Nimelifikiria suala lako. Ushahidi ninao, Wajerumani ninao, punda ninao, ningebishana mpaka Krismasi. Lakini nakubali. Nami nahamia Positano, ngazi nitazipanda polepole.

Sasa unajua sheria. Zamu yako.

Mumeo,
Baba Sofia