Sahani ya Kabanga

Mama Elise wangu,

Miaka yote ya ndoa yetu nilikuficha jambo moja: mimi si Mbuyi. Mbuyi ni pacha wangu aliyetangulia kuzaliwa. Mimi ni Kabanga, yule uliyeamini kwamba alifia njiani.

Tangu tukuzike, nyumba imekuwa kubwa. Msichana wa huduma ya wazee hunivalisha soksi asubuhi, huniita Mbuyi, nami naitika. Sishuki tena hadi kituo cha treni cha Hallonbergen, huku ughaibuni kwetu. Luz, jirani yetu Mfilipino, bado hupanda kuniona baada ya misa, lakini riwaya za zamani za kwao siziwezi bila wewe. Unakumbuka alipotusimulia ile ya mtu aliyerudi kijijini kwa jina la kuazima, mke wake asimtambue? Ulicheka: “Bibi gani huyo hajui bwana yake? Miye ningekutambua hata kwa kikohozi, Baba Elise.” Nikakohoa. Luz akacheka hadi akamwaga kahawa. Mimi nilitaka kulia.

Kwetu pacha halishwi peke yake, hata mwenzake akifa. Basi kila Noeli ulitenga sahani ya pili, ukaweka bukari, ugali wetu, na samaki, ukaita kwa upole: “Kabanga, shemeji, karibu ule.” Ndiyo siku pekee niliyosikia jina langu kinywani mwako. Nilikaa mbele yako, nikitamani kuitika. Ukienda jikoni nilimega tonge kwenye sahani ile, ili usiwe umeita bure.

Noeli hii hakuna aliyeniita.

Kabla sijafika ukimbizini Kigoma, ulimjua mchumba wako Mbuyi kwa picha tu, na uso ule ulikuwa wetu sote wawili. Baadaye nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa ajili ya vita, kwa ajili ya karatasi za ukimbizi. Si kweli. Nilikuona, basi.

Daktari hasemi tena kwamba nitafika majira ya joto. Jumapili nitamwambia Elise baba yake ni nani, na jiwe la kaburi letu litachongwa jina langu lenyewe. Nakuahidi. Pumzika, mpenzi. Nikifika huko, niite utakavyo, au usiniite kabisa.

Homa ilipomzidi Mbuyi, alinishika mkono akanituma kwako. Alinituma nikwambie kwamba amekufa, na kwamba uko huru kuolewa na umtakaye.