Beringi Nne za Kwenda Ukweni

Jumatatu, 8 Julai 1974
Soli za viatu tu tangu asubuhi. Nashonea barazani kwangu, hapa Temeke, maana sina cha kwendea. Kigari changu cha kutembelea kimesagwa. Jana sokoni lori la mkaa lilirudi nyuma, mie nimekaa pembeni nakula muhogo. Alhamdulillahi sikuwa juu yake. Lakini Ijumaa naoa! Miguu yangu ilikufa nikiwa mtoto, Mwajuma anajua, baba yake anajua. Mjomba anasema atanibeba mgongoni. Sibebwi. Bwana harusi abebwe kama gunia la nazi mbele ya wakwe? Afadhali nisioe.

Jumanne, 9 Julai
Nimeanza kigari kipya. Ubao ninao, kipande cha mlango wa zamani. Ekseli nitachonga kwa boriti. Beringi za kile cha zamani, ndizo magurudumu yake, zimepona mbili tu. Nataka nne. Duka la ushirika halina skrubu, halina misumari, halina hata sabuni. Eti nije wiki ijayo. Wiki ijayo nitakuwa nimeshaaibika. Nimelia. Fundi viatu mzima, nimelia.

Jumatano, 10 Julai
Rafiki yangu Salum wa gereji kaniletea beringi mbili na misumari michache. Mungu ampe umri. Ila beringi moja ni ndogo, na zote zimeshikwa na kutu. Nimeziloweka kwenye mafuta ya taa. Moja imekubali. Nyingine imegoma kama punda. Nimeigonga, nimeitukana, mwishowe ikazunguka. Ile ndogo nimeivisha mpira wa tairi ilingane na wenzake. Mpira naujua, ndiyo kazi yangu.

Alhamisi, 11 Julai
Ekseli imepasuka nikigongea beringi ya mwisho. Lahaula! Boriti haitaki haraka, na mie sina kitu ila haraka. Nimechonga nyingine. Shangazi kaleta kanzu, kanikuta nimejaa grisi hadi masikioni. Kadhani nimerukwa na akili. Labda.
Yombo kwao Mwajuma sijafika hata siku moja. Posa alipeleka Mjomba. Kwetu mwanamume haendi kuchungulia ukweni kabla ya ndoa. Nikamuuliza Mjomba njia ikoje.
"Njia safi, mpwa wangu. Haina hata jiwe."
Jioni nimekijaribu kigari barazani, kwenye saruji. Kimekimbia! Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 12 Julai
Haina hata jiwe, kweli. Ni mchanga mtupu.
Landrova ya kuazima ilitushusha barabarani. Hatua chache tu, beringi zote nne zikazama. Salum akasukuma. Zikazama zaidi. Mjomba ana miguu, ataujulia wapi mchanga? Akainama, akanipa mgongo. Ukweni wamejaa milangoni wanatazama. Nilitamani ardhi inimeze.
Nikamwambia Mjomba aondoke. Nikashuka. Kanzu nyeupe, kwa viganja na magoti, mchangani. Sijawahi kuona aibu kama ile.
Ndipo bibi yake Mwajuma akapiga kigelegele. Akavua kanga ya mabegani, akaitandika mbele yangu. Si huruma. Ndivyo wanavyompokea bwana harusi yeyote. Wenzake wakatandika zao. Nikishapita wanaziokota, wanazileta mbele tena, vigelegele juu. Mpaka mlangoni.
Ndani mkeka, wote chini. Mie, shekhe, baba mkwe. Alichoniambia mkwe ni kimoja tu, nijisogeze, nimemkalia kanzu. Nimeoa.

Jumamosi, 13 Julai
Viganja vinawaka moto. Mwajuma amechukua mafuta ya nazi, ananipaka kidole kimoja kimoja. Kaniambia jana alichungulia dirishani, tangu naanza mpaka nafika. Walimkataza, hakusikia.
Nikamuuliza aliona nini.
Kasema alimwona mumewe anakuja.
Nimempa na mkono wa pili.