Mafuta Yaliyoganda

Jumanne, 8 Januari

Baridi kali. Ukungu haukuondoka mpaka jua lilipokaribia utosini, na basi kutoka Tonk lilitambaa kama kipofu. Lakini kikao cha kijijini Kherda kilikwenda vizuri — vizuri sana! Wanawake walijaa kibarazani kwa Dhapu Bai, kila mmoja kajifunika shali mpaka puani. Nikawafundisha kusoma tarehe kwenye pakiti, kudai risiti, kutazama mshale wa mizani kabla bidhaa haijawekwa juu yake.

Halafu ile sehemu ambayo ofisi kuu ya shirika letu la walaji, huko Jaipur, huiita "sera ya biashara" na mimi huiita habari za sufuria. Kwamba ushuru ukishushwa bandarini, mafuta ya mawese huingia kwa meli, rahisi, na haradali waliyoilima wao hapa nyuma ya ukuta hukosa bei. Dhapu akauliza kama huyo mkubwa wa bandarini anajua Kherda iko wapi. Wakacheka. Nikamjibu hajui, ndiyo maana mwisho wa mwezi tunakwenda kumwambia: kuna kikao cha wazi Jaipur, maofisa watakuwepo, na atakayesema kwa niaba ya Kherda ni yeye Dhapu. Akavuta ushungi akafunika uso. Nilimwona anatabasamu chini yake.

Nikawaachia kazi. Kabla ya kikao kijacho, kila mwenye mafuta ya haradali aweke chupa yake juu ya ukuta, ilale nje. Sababu sikuwaambia. Haradali halisi haigandi kwa baridi hii. Iliyochanganywa na mawese hufanya utando mweupe. Nataka wajionee wenyewe.

Jumatano, 9 Januari

Asubuhi wifi yangu Santosh alikuwa anaitikisa chupa jikoni, analalamika kwamba mafuta hayamiminiki. Akaiweka karibu na jiko iyeyuke.

Nikaiangalia. Nyeupe juu, nene kama samli.

Mafuta ya kiwandani kwa kaka. Mafuta ya nyumba hii! Nikafungua debe lenyewe pale ghalani — vilevile.

Labda ni debe moja tu. Labda wafanyakazi wamekosea. Sikunywa chai.

Alhamisi, 10 Januari

Nimemuuliza kaka Ramniwas. Hakukana hata kidogo. Laiti angekana.

Anasema kila kiwanda kinachanganya. Tangu mawese yashuke bei, anayeuza haradali tupu anafunga milango. Alisema kwa upole, kama anavyosema kila kitu. Kisha akaongeza: "Wewe ndiye unayewafundisha watu watafute unafuu, mdogo wangu. Huo unafuu ulidhani unatoka wapi?"

Nilipotoka kwa mume wangu na mtoto mgongoni, baba hakunifungulia. Kaka ndiye aliyefungua. Chumba hiki ninachoandikia ni chake. Shule ya mwanangu Kirti anailipa yeye.

Nikamwambia aandike kwenye debe kwamba yamechanganywa, basi, sheria inataka hivyo. Akaniuliza kama mimi ningelinunua debe hilo. Halafu akaniambia nile, chapati zinapoa.

Ijumaa, 11 Januari

Siwezi kuandika. Naandika.

Chupa zilikuwa juu ya ukuta wa Dhapu, zimepangwa kama watoto wa shule. Nyingi zilikuwa safi, rangi ya kahawia-dhahabu, majimaji. Hizo za Ladu, mzee mwenye kinu kidogo pale njia panda. Mbili zilikuwa zimeganda nyeupe. Dhapu akainua moja na kuniambia kwa furaha: "Hii ni ya kwa kaka yako, mwalimu. Niliinunua sokoni mjini kwa heshima yako."

Wote wananitazama. Wanangoja somo.

Nikasema baridi tu. Mafuta ya nazi nayo huganda, si mnayajua? Hakuna ubaya. Nikafungua mkoba kutafuta vipeperushi, nigeuze mazungumzo.

Dhapu si mtu wa kugeuziwa mazungumzo. Akafikiri, akasema: "Nazi ikiwa halisi huganda. Basi na haya yaliyoganda ndiyo halisi. Sasa ya Ladu, mbona hayajaganda?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nilifungua mkoba tena.

Mmoja nyuma akasema yeye alishamshuku Ladu siku nyingi, mafuta yake yana machicha chini. Mwingine akaitikia. Likawa limekwisha — somo likajifundisha lenyewe, kichwa chini miguu juu, na mwalimu amekaa palepale ananyamaza.

Nilikunywa chai yao. Hilo nalo niandike. Nilikunywa, nikasifu tangawizi.

Jumatatu, 14 Januari

Sikukuu ya Sankranti. Vishada angani, watoto juu ya mapaa wanapiga kelele. Wifi kakaanga bajia, na nyumba nzima inanukia mafuta hayo.

Kaka aliniita mbele ya wageni akanipa shali ya sufu, mpya. Mwenye duka wa Kherda kaagiza madebe kwake, mara ya kwanza. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akatania: serikali ingeajiri madada wa namna hii, viwanda vyote vingenawiri.

Nilitabasamu. Shali ni nzuri. Nimeitia chini kabisa ya sanduku.

Kirti kaniuliza kwa nini sili bajia. Nikamwambia tumbo. Siku hizi uongo unanitoka bila hata kuuita.

Alhamisi, 17 Januari

Ladu alikuja ofisini Tonk.

Nilimwona kwanza dirishani, anakung'uta viatu mlangoni, kilemba chekundu kimefungwa upya kama mtu anayekwenda arusini. Nikajua kaja kunitukana. Nilijiandaa. Ningefurahi, kwa kweli.

Hakunitukana. Alikaa pembeni mwa kiti, akaanza mbali: mvua, mbegu, ng'ombe wa jirani. Mwishoni akasema kinu kimenyamaza. Watu wa Kherda hawaji tena, hata shemeji yake kapita na debe la mjini kichwani akatazama upande mwingine. Yeye hawalaumu. Kama mafuta yake yana kasoro, mteja ana haki ya kujua.

Kisha akainama karibu, sauti ya chini, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Binti yangu, wewe umesoma. Nifundishe. Nifanyeje na yangu yagande?"

Nilisema nini? Nilisema mafuta yake hayana kasoro. Akauliza kama ningeweza kufika Kherda niyaseme hayo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza lini. Nikasema karibuni.

Alinishukuru! Alinishukuru akaenda zake. Nikajifungia chooni nikalia kama mtoto, na nje mwenzangu anagonga kuuliza kama karatasi za kikao cha Jaipur ziko tayari.

Jumatatu, 21 Januari

Nilikwenda Kherda. Nilikwenda kusema. Njiani nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga.

Nikamkuta Dhapu uani anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya nyati. Kweli! Nyati anatafuna, Dhapu anamwambia: waheshimiwa. Hajawahi kusema mbele ya wanaume, alinieleza, hata mumewe humjibu kwa kumtuma mtoto katikati yao. Sasa anakwenda Jaipur. Kanishika mikono yote miwili. Kasema mimi nimemfungua kinywa.

Maneno yangu yakarudi tumboni. Nikamsahihisha namna ya kusimama.

Nilipopita njia panda kinu cha Ladu kilikuwa kinazunguka. Wamerudi! Nikakaribia. Mlangoni kulikuwa na pipa la bluu, jipya. Mawese. Ladu alipoona naliangalia alilivutia gunia, akalifunika. Tukasalimiana. Hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Ijumaa, 25 Januari

Nimemwambia kaka kwamba nitasema. Akasema nifanye nitakalo, ila nimfikirie Kirti. Hakupandisha sauti. Wifi amenipakulia chakula akaondoka bila neno, naye huwa haachi kusema.

Sijasema kwa mtu mwingine yeyote. Kutangaza kwamba utasema — hiyo nayo ni njia ya kunyamaza. Leo nimeigundua.

Jumanne, 29 Januari. Jaipur

Naandika kwenye ngazi za ukumbi, wakati wa chai.

Asubuhi ilikuwa takwimu. Mtaalamu kutoka Delhi, ushuru huu, shehena ile. Wakulima wa haradali wakalia kilio chao. Kisha mkurugenzi wetu, Bwana Bhargava, akamwita Dhapu Bai wa Kherda, sauti ya mlaji kijijini.

Alipanda jukwaani, ushungi nyuma ya masikio! Akaishika maikrofoni kama jembe. Akasema mizani, akasema risiti. Ukumbi ukampigia makofi. Akasema sisi wa kijijini si wajinga tena, hata mafuta tunayapima: tunayaweka nje kwenye baridi, yakiganda ndiyo haradali halisi, yasipoganda mwenye kinu ni mwizi, na sisi tulikuwa naye wetu, tumemkomesha.

Halafu kicheko — kilianza mbele, kwa maofisa, kikasambaa mpaka kwa wakulima nyuma. Mtaalamu wa Delhi aliivuta maikrofoni yake, akamrekebisha kwa upole mbaya. Mama, umegeuza. Kinachoganda ndicho kilichochanganywa.

Dhapu hakutikisika. Alingoja wamalize kucheka. Akasema: "Wewe bwana umekosea, si neno. Mwalimu wetu yuko hapa, yule pale mwenye sari ya kijani. Muulizeni yeye."

Akaninyooshea mkono. Alikuwa anatabasamu — anamwonea huruma yule mtaalamu, kwa aibu itakayompata.

Mwenyekiti akatazama saa. Twende chai kwanza, tukirudi tutaanza na huyo mwalimu.

Bwana Bhargava amenifuata hapa kwenye ngazi. Ananong'ona niseme mama yule alichanganyikiwa kwa woga wa jukwaa. Watu wataelewa, hutokea, wafadhili wapo ndani. Nimemwambia hakuchanganyikiwa. Akanikazia macho, akaondoka.

Simu ya kaka imeita. Sikupokea. Imeita tena.

Dhapu amekuja na vikombe viwili, kimoja changu. Ameketi ngazi ya chini yangu, kifundo changu kinamgusa bega. Ananiuliza naandika nini. Nimemwambia nitakayosema. Amefurahi. Amesema niseme kwa sauti, wale wa mbele wasikie, tena nisiwaaibishe sana.

Wanaita. Dhapu ameshasimama, ameshika mkoba wangu, ananingoja nitangulie.